Hubert Aliyezikwa Huku Ameketi Kitini

Mpe Hubert kola ya shati, atakuambia mwenye shati ni mtu wa namna gani. Karani wa posta, kola yake imelika upande wa kulia, maana siku nzima ameegemea mkono huo. Mtu aliyefukuzwa seminari, kola safi, makwapa aibu tupu. Nyuso za wenye mashati hakuzijua wala hakuzihitaji. Alikuwa mpiga pasi katika duka la dobi mmoja Mgiriki karibu na soko, ukingo wa kulia wa mto, katika mji ule ambao karatasi za Serikali ziliuita Stanleyville na wenye mji tukauita Kisangani. Toka maporomoko ya Tshopo hadi reli ya Lubunga hapakuwa na mkono mwepesi kuliko wake juu ya pasi ya makaa. Anayebisha na alete shati, tutazame.

Mtu kama huyo, anayejua watu kwa nguo zao, ndiye aliyekuja kupotea ndani ya koti moja. Ilikuwa mwaka wa hamsini na sita.

Kakake, Kasongo, seremala wa Lubunga ng'ambo ya mto, alishikwa na homa siku tatu, ya nne akafa. Aliacha mjane, Pélagie, na watoto watatu, wa mwisho akiwa Viviane wa miaka minne. Matanga yakaliwa, yakaisha. Hapo akateremka kutoka Maniema mjomba wao mkubwa, Tonton Benoît, kwa meli kisha kwa treni, na kifuko cha ngozi begani, kuja kufanya kazi ambayo katika ukoo ule haifanywi na mwingine: kuketisha.

Ukoo wao ulikuwa na desturi yake. Mkubwa akifa na kuacha watoto wadogo, jina lake haliingii kaburini. Mdogo wake anaketishwa juu ya kiti cha marehemu, anavikwa koti la marehemu, na mzee wa ukoo anawatangazia watu kwamba aliyezikwa ni mdogo. Mkubwa yupo, ndiye huyu hapa mnamwona. Wasomi wa siku hizi watacheka. Waache wacheke, watoto wa ukoo ule hawakuwahi kuitwa yatima.

Basi Hubert akaketishwa. Koti lilimpwaya mabegani. Tonton Benoît akasimama mbele ya watu, akakohoa.

"Batu ya ukoo, musikilize. Ile mutu tulizika juzi iko Hubert. Kasongo njo huyu. Alikuwa mugonjwa kidogo, bon, sasa amepona." Njo, kwa Kiswahili cha kwetu, ni ndiye au ndiyo.

Wanawake wakapiga vigelegele. Pélagie akaja na bakuli, akamnawisha mikono. "Karibu, baba Viviane." Watoto wakaambiwa wamsalimu papa yao, wakamsalimu. Kisha majirani wakapanga mstari kumpa pole kwa kufiwa na mdogo wake.

"Pole, Kasongo. Hubert alikuwa mutoto muzuri."

"Asante."

"Lakini alipenda kujidai na ile pasi yake. Mungu amusamehe."

Hubert akataka kubisha, akakumbuka kwamba maiti habishi. Akasema asante tena. Na nikuambie jambo la ajabu: machozi yalimtoka, ya kweli, na hakujua anamlilia nani kati ya wale wawili.

Tatizo ni kwamba yule Hubert waliyemzika siku ile alikuwa na mchumba.

Mchumba huyo aliitwa Adèle, binti ya Mama Florentine, Mlokele wa Isangi aliyeuza samaki wa kukaushwa pale sokoni. Mahari ilikuwa imepokelewa, imeliwa, imesahauliwa. Jumatatu Hubert alipokwenda kusalimia, bado amevaa koti, maana mjomba alimkataza kulivua kabla wiki haijaisha, Mama Florentine hakuinua hata macho kutoka kwenye samaki wake.

"Jambo, papa Kasongo. Pole ya mudogo wako."

"Mama, ni mimi."

"Njo vile nasema. Pole."

"Ni mimi Hubert."

"Hubert balimuzika kule Lubunga. Na miye nilikuwa pale kwa kuketisha, nilisikia kwa masikio haya. Nililia mpaka kitambaa kikalowa. Sasa unataka nirudishe machozi ndani ya macho?"

Wauza samaki wa jirani wakaacha kupanga samaki. Hubert akainama, akapunguza sauti.

"Mama, ile ni desturi tu. Ni maneno."

"Na libala iko nini, kama si maneno?" Libala ni ndoa, na Mama Florentine alipotaka kuuma alitumia Kilingala. "Sikiliza, baba. Nilipokea mahari ya Hubert. Kasongo iko na bibi na watoto watatu. Mutoto wangu hawezi kuwa bibi ya pili. Mungu hapendi, Serikali haipendi, miye ndiyo kabisa. Jumamosi asubuhi pirogue yetu inashuka mto mpaka Isangi. Ukiniletea Hubert kabla ya pale, Adèle anabaki. Usipomuleta, anashuka na miye. Kule kuna karani moja, Faustin. Ameuliza mara mbili. Na Faustin iko na jina moja tu."

Adèle alikuwa nyuma ya mama yake, anafunga samaki kwa majani. Alimtazama Hubert kama unavyotazama nguo iliyorudi kutoka kwa dobi ikiwa na rangi nyingine.

Basi mtu wetu akarudi Lubunga mbio kumtafuta aliyemzika, amfukue. Tonton Benoît alikuwa ameketi uani na kikombe cha lotoko, pombe ya mahindi, ametulia kama mtu aliyemaliza kazi nzuri.

"Tonton, unirudishe."

"Nikurudishe wapi?"

"Kwa Hubert."

Mjomba akanywa kidogo, akafuta midomo. Alikuwa mtu wa hesabu za maneno, na kila hatua aliifunga kwa donc, yaani basi. "Ukisema wewe iko Hubert, donc Kasongo amekufa. Kasongo akifa, donc hawa batoto hawana baba. Hawana baba, donc miye niko muongo mbele ya Lubunga nzima. Alors, chagua. Lakini usichague miye kuwa muongo, nina safari ndefu ya kurudi."

Katekista, alipoulizwa, alisema Mungu anamjua Hubert peke yake kwa sababu ndiye aliyebatizwa, na kiti kile ni mambo ya kipagani. Hubert akauliza Viviane aambiwe nini. Katekista akasema atalifikiria, akafunga kitabu.

Hapo ndipo Hubert akamkumbuka Mwalimu Amisi, mzee wa Kiislamu aliyeshona kofia za vitobo, mteja wa kanzu mbili kila Alhamisi. Watu walisema mwalimu huyo huketi na wenzake wakalitaja jina la Mungu mpaka kila mmoja anasahau jina lake mwenyewe. Hubert akafikiri, na hakufikiri vibaya kwa mtu wa darasa la tatu: anayeweza kusahau jina lake kwa kupenda hatashindwa kumwambia mwenye mawili adondoshe lipi.

Jumanne jioni, jua bado lipo, akamkuta barazani, kofia imekaa gotini, sindano mkononi.

"Umeniletea kanzu?"

"Hapana, Mwalimu. Nimejileta mwenyewe."

"Nani huyo uliyemleta?"

"Njo shida yenyewe," akasema Hubert, akaketi, akamweleza yote: kiti, koti, samaki, Jumamosi.

Mwalimu alisikiliza bila kuacha kushona. Mwishowe akainua ile kofia kwenye mwanga. Ilikuwa imejaa vitobo vidogo, kila kimoja kimezungushiwa uzi mweupe.

"Hiki hapa ni nini?"

"Kitobo."

"Nimekitengeneza kwa kitu gani?"

"Kwa uzi."

"Uzi uko pembeni. Hapa katikati kuna nini?"

Hubert akachungulia. "Hakuna kitu. Hewa."

"Na hewa ya ndani ya kitobo na hii tunayovuta, mimi na wewe, ni hewa mbili?"

"Moja."

"Na kitobo cha pili hapa, jirani yake?"

"Hewa ileile."

"Basi. Kimoja kiite Hubert, kingine kiite Kasongo. Nyuzi mbili, hewa moja. Wewe umeshika uzi unasema, huu ndio mimi, nao ukivutwa unapiga kelele. Hakuna wawili, mwanangu. Hakukuwa na wawili toka mwanzo. Yuko Mmoja, na sisi ni vitobo."

Hubert akakaa na neno hilo. Lilimwingia polepole, kama maji ndani ya viatu.

"Donc mimi ni kitobo."

"Ukipenda."

"Kitobo kinaweza kuoa?"

Mwalimu akang'ata uzi. "Sasa unaniuliza habari za sokoni."

Lakini alipovuka mto kurudi Lubunga, Hubert alijisikia mwepesi. Kwa mara ya kwanza tangu matanga hakuiogopa Jumamosi. Alitazama abiria wa kivuko, mama na kuku wake, askari na baiskeli yake, akaona vitobo vitupu, hewa moja inapita kwa wote, akatabasamu peke yake mpaka mama wa kuku akasogea mbali kidogo. Usiku ule alilala kama gogo. Na hapo ndipo alipokosea: alidhani dawa iliyomlaza usingizi itafaa pia kuwa mahari.

Jumatano asubuhi akasimama mbele ya samaki.

"Mama, nimeelewa. Hakuna Hubert."

"Hata miye nilikuambia."

"Lakini hata Kasongo hakuna."

Mama Florentine akainua macho sasa. "Hakuna mutu?"

"Hakuna wawili. Iko Mmoja tu. Hizi ni nyuzi."

"Na nani atamulisha mutoto wangu? Uzi?"

Wauza samaki walicheka mpaka mmoja akalazimika kukaa chini. Hubert akajaribu kueleza habari ya hewa. Mama Florentine akamgeukia binti yake. "Adèle, fungasha. Juzi alikuwa mutu mubaya mumoja, leo si hata mumoja."

"Hubert," akasema Adèle.

Hubert akageuka upesi, kabla hajakumbuka kwamba hayupo.

"Nilitaka tu kuona," akasema Adèle, akarudi kufunga samaki.

Neno hilo lilimsumbua njiani mpaka kazini, likamsumbua kwenye meza ya pasi. Kama hayupo, ni nini kilichogeuka? Na kama kilichogeuka ni Hubert, juzi Viviane alipoita "papa" ni nini kilichogeuka vilevile, upesi vilevile? Aliyawaza hayo huku pasi imesimama mahali pamoja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka tisa. Harufu ikapanda. Shati jeupe la karani, mgongoni, alama ya pasi kamili, kahawia, na ncha yake.

Mgiriki akaja mbio kutoka mbele. "Nani?"

Macho ya wote yakamwendea Sébastien, mpiga pasi wa meza ya pili, ambaye mwezi ule alikuwa ameshaunguza mawili na kuambiwa la tatu ni mlango. Hubert akajiambia moyoni: hakuna aliyeunguza, kuna hewa. Lilikuwa neno zuri na lilimstarehesha sana. Wakati angali analistarehekea, akasikia mtu anasema, "Mimi."

Alikuwa yeye. Mdomo ulikuwa umetangulia.

Mgiriki akamtukana kwa Kigiriki, kisha kwa Kiswahili ili asikose, akamwamuru ateke maji ya kufulia mpaka mwisho wa wiki juu ya kazi yake. Sébastien hakusema asante, ila alibeba ndoo ya kwanza. Na Hubert, mabega yanamwuma, akaona hasira inampanda. Si kwa Mgiriki. Kwa mshona kofia.

Ijumaa, sala ilipoisha, akamngoja barazani.

"Mwalimu, hii elimu yako kazi yake nini?"

"Imekukosea nini?"

"Nilisema sokoni hakuna mutu, nikachekwa. Nilisema moyoni hakuna mutu, mdomo ukasema mimi. Kesho ni Jumamosi. Kama haiwezi kuniambia mimi ni nani, inafanya kazi gani?"

Mwalimu Amisi akacheka mpaka akakohoa. "Nilikuambia kitobo si kitu peke yake. Nilikuambia ukizibe? Ziba vitobo vyote, utavaa sufuria kichwani, utatoka jasho. Kofia inataka vitobo vyake."

"Kwa hiyo niko au siko?"

"Jumanne usiku ulilala?"

"Nililala."

"Ulikuwa unaogopa?"

Hubert akafikiri. "Hapana."

"Basi ndiyo kazi yake hiyo. Uzi ukifumuka, usilie kana kwamba hewa imekufa. Dawa ya macho si dawa ya tumbo. Unataka ikuchagulie na mke?" Akashusha sauti, akatazama nyuma kwenye mlango. "Na nikuambie siri. Miaka thelathini nimekaa na jambo hili. Mke wangu akiita, Amisi, chakula, nasikia jina langu vizuri sana."

"Kesho niseme miye nani?"

"Mimi najua kofia. Hilo muulize mwenye samaki."

Hubert akavuka mto akiwa amechanganyikiwa zaidi kuliko alivyokuja, ila sasa alichanganyikiwa kwa adabu. Akamkuta Pélagie anatwanga pondu, majani ya muhogo. Tangu kuketishwa alikuwa akilala kwenye mkeka sebuleni, mjane na watoto chumbani, na hakuna aliyegusia jambo lile. Sasa akaligusia.

"Pélagie. Kesho nikisema mbele ya watu mimi ni Hubert, utafanya nini?"

Pélagie akasimamisha mchi. "Unafikiri nilitaka mume? Nilikuwa na mume. Watu wanabisha pale mlangoni: Kasongo iko? Huyu anataka meza yake, yule anataka kiti chake, mwingine anasalimia tu. Nisemeje? Hayuko, hayuko, hayuko, mpaka nizeeke, na watoto wanasikia? Nilitaka mutu wa kuitika. Kitanda ni cha watoto. Wewe unakoroma kushinda ndugu yako." Akaanza kutwanga tena. "Uoe huyo Mlokele. Lakini mutu akibisha, itika."

Jumamosi ukungu ulikuwa bado umelalia mto wakati Hubert alipofika ufukoni penye soko la samaki. Koti alikuwa amelivua, wiki ilikuwa imeisha. Alikuwa amemshika Viviane mkono, maana mtoto alikataa kubaki. Pirogue kubwa ya Walokele ilikuwa tayari, wapiga kasia saba wamekaa, Mama Florentine katikati juu ya magunia, Adèle nyuma yake na kikapu mapajani.

"Alors," akasema Mama Florentine. "Leo wewe nani?"

"Mama, nimekuja kumuchukua Adèle."

"Sikuuliza umekuja kufanya nini. Hubert au Kasongo?"

"Hubert."

"Bon. Kama wewe Hubert, muambie huyo mutoto. Hapa, mbele ya watu, nisikie. Muambie: miye si baba yako."

Viviane akainua uso kumtazama, si kwa hofu, kwa kungoja tu kama mtoto anavyongoja kuambiwa kitu. Hubert akafungua mdomo. Neno lilikuwa fupi, la kweli hata kwa katekista, na ng'ambo yake alikaa Adèle na kikapu. Akalimeza.

"Siwezi."

"Basi Kasongo. Sukumeni," akawaambia wapiga kasia.

"Na hilo siwezi," akasema Hubert, akaingia majini mpaka magotini, akashika ubavu wa pirogue, akiwa amemwinua mtoto begani. "Mama, sijui. Nimeuliza wiki nzima kwa watu wenye akili, kila mumoja ameniongezea. Huyu akiita papa, anayegeuka ni mimi. Adèle akiita Hubert, anayegeuka ni mimi. Shati likiungua, ni mimi. Ukiniuliza huyo mimi yuko wapi, ndani nikitazama sioni mutu. Lakini anaitika. Kila mara anaitika. Zaidi ya hapo sijui, unaweza kwenda."

Mama Florentine alimtazama kama anavyotazama samaki ambaye macho yake hayasemi ni wa leo au wa jana.

"Sijui si jina ya mutu," akasema mwishowe. Lakini hakusema tena sukumeni.

Adèle akasimama. Pirogue ikayumba, wapiga kasia wakashika kingo. Akaweka kikapu kichwani, akakunja kitenge, akashuka majini.

"Unaenda wapi?" akauliza mama yake.

"Enda, mama. Nitapikia ule atakayerudi nyumbani."

"Na wakirudi wawili?"

"Nitaongeza maji ndani ya mchuzi."

Mpiga kasia wa mbele akacheka, akajifanya anakohoa. Mama Florentine akajipangusa uso kwa ncha ya kitambaa. "Mahari ni ya Hubert," akasema kwa sauti ya kuuzia samaki, ufuko mzima usikie. "Padri ataandika Hubert. Siku nikisikia Kasongo amegusa mutoto wangu, nitapanda kutoka Isangi na kasia." Akaashiria kwa mkono. Pirogue ikaondoka, ukungu ukaimeza kabla haijafika katikati.

Wakabaki watatu ufukoni, nguo zinachuruzika maji. Hubert akataka kusema neno linalofaa, akapata swali.

"Adèle, umemukubali nani?"

"Beba kikapu," akasema Adèle.

Akajitwika kichwani. Viviane akateremka begani, akamzunguka yule mwanamke mgeni mara moja, akamvuta Hubert suruali.

"Papa, ule iko nani?"

Hubert akatafuta jibu. Kama yeye Kasongo, huyu ni shemeji yake. Kama yeye Hubert, huyu ni mama mdogo, ila mtoto asingemwita papa. Adèle alikuwa amesimama, naye anangoja kusikia.

"Muulize mwenyewe," akasema Hubert.

"Miye Adèle," akasema Adèle. "Na wewe?"

"Viviane."

"Bon. Wawili tunajijua. Shika mukono wake ule, miye nashika huu, tumuvushe mto."